Vitobo Nilivyovifunga

Buyenzi, Bujumbura
9 Februari 2025

Kwako Ilyasi,

Assalam alaykum. Mimi mzima, Mama mzima, umeme ndio mgonjwa. Jana ulirudi wakati watu wanakwenda kuswali alasiri, nikaacha vyombo kwenye maji nikakimbilia kompyuta. Petroli hakuna, kwa hiyo jenereta ya jirani siku hizi wanalalia kuku. Nakueleza haya ili bosi wako akiuliza kwa nini kazi imechelewa, usimwambie eti nilikuwa kwenye harusi.

Bodi ya saketi ya friji za sola imekamilika, faili la mchoro wake liko pamoja na barua hii. Ulisema kiwanda cha Wachina kinataka vitobo vyote viwe na ukubwa mmoja, vyembamba, ili kisibadilishe kekee ya kutobolea kila mara. Nimeshughulikia. Ile programu siisengenyi, ni nzuri: unachagua kitobo kimoja, unaiambia itafute vyote vinavyofanana nacho, unabadilisha kipimo mara moja, na kazi ya wiki nzima inakwisha kabla chai haijapoa. Lakini programu haijui kitobo kipi kinabeba nini. Kinachopitisha ishara ndogo tu, kutoka upande wa juu wa bodi kwenda wa chini, hata kikiwa chembamba hakina neno. Vilivyo chini ya transista kubwa, na pale betri inapoingilia, vinapitisha umeme mwingi na ndivyo vinavyotoa joto nje. Ukivifanya vyembamba ni kupitisha soko zima kwenye mlango wa choo. Kwa hiyo vile nimeviacha vipana na nimevifunga, utaona alama ya kufuli. Programu ikikuuliza kama ibadilishe na vilivyofungwa, jibu ni hapana, hata kama mwenye kubofya ni bwana harusi.

Sasa langu. Ulisema nikimaliza hii utampelekea bosi wako, Madame Namegabe, jina langu, kwa kuwa ile nafasi ya mchoraji wa bodi bado iko wazi. Umeshampelekea? Nimekuchorea bodi zote hizi nikiamini hivyo. Sitaki kuja Nairobi kuwa mke wa injinia na basi. Nataka nije nikiwa na meza yangu ofisini. Baba mdogo Yahaya ameniambia, "We mutoto, mwanamuke anaendaka kwa bwana, haendake kwa meza." Nilimjibu kwamba nitakwenda kwa vyote viwili. Hakucheka.

Wako,
Saliha

*

Nairobi
14 Februari 2025

Saliha wangu,

Waalaykum salaam. Faili limefika, mashallah, mikono yako isiguswe na jicho baya. Nakuandikia nikiwa bado na furaha ya jana, acha nikusimulie.

Namegabe alikuja mwenyewe mpaka kwenye meza yangu, amefuatana na wageni wa lile shirika linalonunua friji. Alitaka waone tunavyofanya kazi. Nikafungua bodi. Akainama, akauliza mbona anaona vitobo vya aina mbili na kiwanda kiliomba aina moja. Wageni wote wakanigeukia. Nikamwambia, atazame hapa. Nikachagua, nikabofya, na mbele ya macho yao bodi nzima ikawa sawasawa. Mgeni mmoja alipiga makofi. Namegabe ni mtu wa Bukavu, unawajua, hasifu mtu ovyo, lakini alinishika bega akasema, "Ilyasi, we uko fundi ya kweli." Ofisi nzima ilisikia.

Faili tumelituma kiwandani jana hiyohiyo, wageni wakiwa bado wanakunywa kahawa.

Kuhusu jina lako, usiwe na haraka. Ile haikuwa siku yake. Ombi likipelekwa saa mbaya limekufa, na hulifufui tena. Subira huvuta heri. Na zaidi ya hapo, mimi na wewe ni kina nani? Nikisifiwa mimi umesifiwa wewe.

Msalimie Mama.

Wako daima,
Ilyasi

*

Buyenzi
15 Februari 2025

Ilyasi,

Hii ni fupi, betri ya kompyuta inakata roho.

Umesema bodi nzima. Nzima kabisa? Vile nilivyovifunga vimebaki vipana? Kama umevigusa, waandikie watu wa kiwandani leo, kabla hawajaanza kutoboa. Sema umetuma faili lisilo lenyewe. Watu hutuma faili lisilo lenyewe kila siku na hawafi.

Nijibu hili tu. Mengine yatasubiri.

Saliha

*

Nairobi
27 Februari 2025

Saliha wangu,

Niwie radhi kwa kuchelewa, kazi imenizidi na Ramadhani ndiyo hiyo iko mlangoni.

Vitobo nimeviangalia, viko sawa. Wewe unaniona mtoto mdogo siku hizi. Halafu mtu hawezi kupigiwa makofi jana, kesho arudi kwa bosi aseme subiri kidogo. Lakini hayo hayana haja, kwa sababu nimekwambia viko sawa.

Habari njema ni hii: nimezungumza kwa simu na Baba mdogo Yahaya. Tumeelewana nikahi iwe Desemba, nikipata likizo. Alinipa dua ndefu mpaka salio likaisha. Anza kufikiria kitambaa, achana na kekee za Wachina.

Wako daima,
Ilyasi

*

Buyenzi
22 Juni 2025

Kwako Ilyasi,

Assalam alaykum. Friji zimefika Kajaga, kule ziwani. Jana nilikwenda kuziona, nimerudi nanuka samaki na sijali.

Shangazi Mwanvua amepewa moja, na rafiki yake Adélaïde, yule wanayeuza naye samaki wa mikeke tangu mimi sijazaliwa, amepewa yake. Unajua hali ilivyokuwa. Tangu petroli ipotee, gari la barafu kutoka mjini linakuja likipenda, na samaki wakifika asubuhi, kufikia mchana wanawake wanauza kwa bei ya huruma au wanamwaga. Sasa Shangazi analala. Ameniambia ananunua kwa wavuvi bila kuangalia jua liko wapi.

Nitakuambia na nilichofanya, hata ukinicheka. Niliwaambia wanawake wale kwamba bodi iliyo ndani niliichora mimi. Shangazi akanishika mkono akanipitisha kwa kila muuzaji: "Musikie, huyu ni mutoto ya kaka yangu, ndiye alitengeneza kichwa ya hii frigo." Walinipa samaki wengi kuliko nilivyoweza kubeba. Nilitaka kufungua kifuniko nivione vitobo vyangu kwa macho, lakini mtu wa shirika alikataa, wameweka lakiri.

Kwa hiyo sasa Kajaga wananijua. Bado Nairobi. Saa nzuri haijafika tu? Namegabe ni binadamu, hali chakula? Mwambie akiwa ameshiba.

Wako,
Saliha

*

Buyenzi
18 Septemba 2025

Ilyasi,

Nimekupigia simu, hukupokea. Ujumbe unausoma na hujibu. Basi naandika, barua haina pa kukimbilia.

Friji ya Adélaïde ilianza kunuka plastiki ya kuungua siku ya Jumamosi. Akaizima, akaiwasha, ikafa. Jumatatu ikafuata ya Shangazi, yenyewe ilitoa moshi. Alikuwa ameijaza kwa ajili ya harusi ya watu wa Gihosha waliokwisha kumlipa. Samaki wamezikwa mchangani, mbwa wamefukua, na Shangazi amekaa kwenye kigoda chake anaangalia tu.

Lakiri ya friji ya Shangazi ilikuwa imeyeyuka. Nikafungua.

Vitobo vyote ni vyembamba, Ilyasi. Chini ya transista, kwenye betri, kote. Pale nilipoweka vipana vyenye kufuli pamekuwa vyembamba, na kuzunguka kwake bodi imekuwa nyeusi kama chungu cha maharage. Sikuhitaji kipimo, nimeona kwa macho haya. Wewe uliniandikia kwamba umeangalia.

Sijakasirika bado, nakuonya tu kwamba iko njiani. Friji nyingine hazijaungua, lakini joto la Kajaga mwezi huu unalijua. Nenda kwa Namegabe leo, mwambie zizimwe zote. Mwambie ulibofya mahali pasipofaa. Utaona haya siku moja, halafu yatapita. Wanawake wale hawana kitu kingine.

Saliha

*

Nairobi
6 Oktoba 2025

Bi Saliha,

Hatujawahi kuandikiana. Mimi ni Namegabe, mkurugenzi wa kampuni anayofanyia kazi mchumba wako. Jina lako nililisikia mara ya kwanza wiki iliyopita, katika kikao cha kuchunguza friji zilizoungua huko kwenu. Zilizobaki zimezimwa.

Injinia Ilyasi ametueleza kwamba alizidiwa na kazi, akakupa wewe umsaidie kubadilisha vitobo kwa programu, na kwamba kwa kukosa uzoefu ulivibadilisha vyote kwa pamoja, na vile vya umeme mkubwa. Amejilaumu sana kwa kukuamini. Tumemwandikia mteja hivyo, na mteja amewaeleza wauzaji wa samaki.

Kampuni haikudai chochote. Naelewa kwamba ulitaka kusaidia. Ninaomba jambo moja: ikiwa unalo faili kama lilivyokuwa kabla hujaligusa, tafadhali tutumie, ili tutengeneze bodi mpya bila kuanza upya.

Kwa heshima,
Namegabe

*

Buyenzi
7 Oktoba 2025

Madame Namegabe,

Salaam kwako. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Faili la kabla sijaligusa sina, kwa sababu kabla sijaligusa halikuwapo. Bodi hiyo niliichora mimi tangu mstari wa kwanza. Na zilizotangulia, ya taa za maduka na ya pampu za bustani, nilizichora mimi pia, hapa hapa kwetu, umeme unapopatikana. Nilikuwa nikiambiwa kwamba unazijua na kwamba jina langu linangoja siku nzuri ya kufikishwa kwako. Naona siku hiyo imefika.

Natuma faili kama nilivyolituma mwezi wa Februari, pamoja na nakala ya barua iliyofuatana nalo. Lifungue mwenyewe. Vitobo vya umeme mkubwa ni vipana na vina kufuli. Programu haivigusi mpaka ikuulize kwanza, na mtu ajibu ndiyo. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya kiti siku hiyo. Labda unakumbuka kama iliuliza.

Sitaki Ilyasi afanyiwe ubaya kuliko alioufanya. Ninachotaka ni mteja aambiwe ukweli, na wanawake wa Kajaga waambiwe na mtu yuleyule aliyewaambia uongo. Mmoja wao ni shangazi yangu, na tangu wiki jana hanipokelei salamu. Na ile nafasi ya mchoraji, kama bado iko, naiomba leo kwa jina langu mwenyewe.

Saliha

*

Nairobi
9 Oktoba 2025

Saliha,

Umemwandikia yeye kabla ya kuniandikia mimi. Hilo limeniuma na nataka ujue.

Sikatai, nilibofya. Wageni walikuwa wananitazama, programu ikauliza, na mkono ukajibu. Halafu ulipouliza, faili lilikuwa limekwenda na makofi yameshapigwa. Ningesema nini? Kila siku nilijiambia pengine zitastahimili.

Na kwenye kikao, fikiria kwa utulivu usinirukie. Mimi nina kazi ya kupoteza, wewe huna. Hapa nikifukuzwa leo, kesho kila ofisi ya mji huu inajua. Buyenzi nani anakudai uwe mchoraji? Watasema wiki mbili, watasahau, utabaki Saliha wao yuleyule. Nilitaja jina lako kwa sababu ndilo ambalo halingeumia. Na baada ya nikahi tutakula chungu kimoja, mshahara huu ni wako pia.

Mwandikie tena. Sema ulichanganya mafaili, ulinitumia lile lenye makosa na sasa umemtumia lile zuri. Mstari mmoja tu, na Desemba tunaoana kichwa kikiwa juu. Kitabu kimesema wake zenu ni vazi lenu. Nisitiri, Saliha.

Wako daima,
Ilyasi

*

Nairobi
3 Novemba 2025

Bi Saliha,

Tumelifungua faili lako. Ni kama ulivyosema. Nilimwita Ilyasi nikamwuliza, na hakukana. Kwa hiyo nataka ujue kwamba mimi ninajua.

Lakini mteja ameshaandikiwa na amekubali maelezo. Nikiyabadilisha sasa, nitakuwa namwambia kwamba kosa lilifanyika ndani ya ofisi yangu, mbele ya watu wake, na mimi mwenyewe nikisimama pale nikisifu. Mkataba utavunjika, na watu wote wa chumba hiki wanakula kwa mkataba huo. Nimelifikiria kwa siku nyingi kuliko unavyodhani.

Bodi mpya zimetengenezwa kwa faili lako, bila kuguswa. Ilyasi atakuja Kajaga kuzifunga. Ama nafasi ya mchoraji, siwezi kumwajiri mtu niliyemwambia mteja kwamba ndiye aliyeharibu. Nakubali kwamba hii si haki. Wewe ni mchoraji mzuri kuliko wote nilio nao.

Tafadhali barua hii ibaki kati yetu wawili.

Namegabe

*

Buyenzi
14 Desemba 2025

Ilyasi,

Nasikia ulikaa Kajaga siku mbili. Hukupita kwetu, na nakushukuru kwa hilo, ni adabu pekee uliyonifanyia mwaka huu.

Wamenisimulia ulivyovaa glavu, ulivyofunga bodi mpya moja moja, na ulivyowasha friji ya Shangazi wanawake wakapiga vigelegele. Friji zinafanya kazi. Nilijua zitafanya kazi, vitobo vyake navijua kimoja kimoja. Nasikia Adélaïde alikupa samaki mkubwa wa mkeke ukakataa kwa unyenyekevu, ukasema ni wajibu wako. Ulikuwa na nafasi hapo, Ilyasi. Walikuwa wamekuzunguka, wanakupenda, hakuna bosi wala mgeni wa kupiga makofi. Sentensi moja ingetosha. Ukachukua begi lako ukaondoka.

Shangazi Mwanvua alikuja nyumbani jana, mara ya kwanza tangu Septemba. Nilifurahi mpaka nikamwaga chai. Akanikalisha, akanishika mkono, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Shukuru Mungu, uko na muchumba ya akili. We umeharibu, yeye ametengeneza, na angali anakutaka. Shika huyo bwana na mikono mbili."

Nilimwambia yote. Nilimwonyesha faili, nikamwonyesha kufuli, nikamwonyesha na barua yako. Ya bosi wako sikuitoa, aliomba ibaki kati yetu, na katika nyinyi wote afadhali yeye alisema anajua. Shangazi hajui kusoma michoro, na barua hakutaka nimsomee. Aliurudisha mkono wangu kwenye goti langu taratibu. "Apana, Saliha. Usimutupie mutu kosa yako. Si vizuri kwa binti." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniua. Kama angenitukana ningelia nikamaliza.

Uliniandikia aya ukaikata katikati. Inasema wake zenu ni vazi lenu, na nyinyi ni vazi lao. Nusu ya pili uliiacha Nairobi. Mimi nilikuvaa kwa miaka yote hii nikidhani unanisitiri, kumbe ulikuwa unanifuta. Na uliposema jina langu ndilo lisiloumia, hukukosea sana. Jina ambalo halijawahi kutajwa popote litaumiaje? Lilitajwa ofisini kwenu siku moja tu, siku alipotafutwa mtu wa kulaumiwa.

Nilikupenda. Nakuambia ili usije ukajidanganya kwamba nilikuwa natafuta meza. Nilikupenda wakati unaniomba bodi ya kwanza, na nilikupenda hata nilipofungua ile friji iliyoungua, kwa sababu nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Baba mdogo Yahaya. Nikamwambia nikahi haipo, mimi sikutaki, awaite wazee wenu awarudishie neno lao. Akaniuliza polepole, "Ni yeye amekuacha?" Nikasema apana, ni mimi nimemwacha. Akanipigapiga mgongo, macho yamemlowa, mzee wa watu. Akasema, "Sawa, mwanangu. Tutasema hivyo."

Mchana habari ilikuwa imeshafika sokoni, na jioni imerudi kwetu ikiwa imeiva. Ilyasi amemwacha yule binti aliyeunguza friji za Kajaga, na ni nani atamlaumu, kijana amevumilia vya kutosha. Mama ameanza kuwaeleza, nimemzuia.

Nimekuacha mimi, Ilyasi. Hiyo nayo wameiandika kwa jina lako.

Saliha